Wa Kulinda Mizigo

Zipu ilipita gizani, krrr, ikasimama, ikarudi. Kimya kidogo, kama mtu anayesikiliza kama amesikika. Halafu tena, krrr.

Kulikuwa bado hakujapambazuka. Sikuhitaji taa kujua ni nani. Binti yangu wa miaka sita, ambaye sote tunamwita Sindano kwa wembamba wake na kwa anavyopenya asikotakiwa, alikuwa amekaa sakafuni anafungua na kufunga begi lake la shule. Safari ilikuwa bado siku kumi na moja.

"Sindano, lala."

"Nimelala, mama."

"Aliyelala hafungi begi."

"Nilikuwa naangalia kama sweta bado limo."

Lilikuwamo. Nilimwambia siku moja kwamba mlimani kuna baridi, na tangu siku hiyo sweta halijatoka begini hata kufuliwa. Hajawahi kuona mlima. Anadhani ukifika juu unaweza kugusa upande wa chini wa wingu, na mimi sijamkatalia, kwa sababu hata mimi sijawahi kufika huko nikajua.

Nisichokuwa nimemwambia ni kwamba jana yake, kwenye kikao cha familia, ilikatwa kauli kwamba yeye na mimi hatupandi. Na aliyeandika uamuzi huo ni mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri unaosifiwa.

Familia ya mume wangu hainunui hata pazia bila kikao. Baba mkwe alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja, na siku alipostaafu alirudi nyumbani na ofisi yote kichwani: ajenda, kumbukumbu, mengineyo, kufunga kikao. Sheria yake kubwa ni moja. Kumbukumbu za kikao kilichopita zisomwe kwa sauti mbele ya wote, wathibitishe kwamba ndivyo ilivyosemwa, ndipo jambo lifanyike. Lisiposomwa, halipo. Mimi mwenyewe nilithibitishwa kuwa mkwe kwenye mengineyo, baada ya tangi la maji na kabla ya rangi ya geti.

Ukatibu nilipewa mwaka huohuo. Sababu walizotaja zilikuwa mwandiko na utulivu. Sababu ambayo hawakuitaja ni kwamba katibu hapigi kura.

Anayeongoza vikao ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, msimamizi wa bohari la vifaa vya ofisi. Hata akija kwetu kumwona mtoto mgonjwa tunamwita Mwenyekiti, na anaitika. Ni mtu anayeweza kutofautisha wino wa bluu aina tatu na asitofautishe watoto wa ndugu zake wawili. Akiingia sebuleni anaketi kwanza, kisha anatazama kama kuna mtu hakusimama.

Mwezi uliopita aliona nimemkosea. Alikuwa amezungumza dakika ishirini juu ya viatu vya safari, nami nikaandika: "Mwenyekiti alisisitiza viatu." Nilipoisoma kwa sauti alinitazama kama nimemmwagia maji.

"Wifi, mimi si mtu wa kufupishwa. Kuanzia leo ninachosema kiandikwe neno kwa neno. Kama hiyo shule yako ya gizani haijakufundisha kuandika haraka, sema, tutafute mwingine."

Shule ya gizani ndiyo jina lake la madarasa yangu ya jioni. Mchana nashona sare za shule kwenye karakana, kola na matundu ya vifungo. Jioni tatu kwa wiki naketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga ubao, nasoma nilichopaswa kukisoma nikiwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wetu wa jiografia hupenda kupasua ramani kuukuu na kugawa vipande. Mimi niliangukiwa na kipande chenye mlima. Mistari ya duara, mmoja ndani ya mwingine, kama alama ya kidole gumba. Mistari ikibanana, akasema, hapo mguu utalia. Ikiachana, hapo utapumua. Nilikaa na kipande kile wiki nzima nikiutafuta mteremko unaofaa miguu mifupi.

Kwa hiyo Mwenyekiti alipotangaza kwamba familia itakwenda jijini siku tatu, na moja ya siku hizo ni ya mlima uleule, aliyepanga ni mimi. Yeye alikuwa na wazo tu, tena alidhani mlima uko mwisho wa barabara ya hoteli kama duka la dawa. Mimi nilipiga simu wakati wa chai ya karakana, nikauliza getini wanafungua saa ngapi, nikajua kwamba njia ya upande wa matangi ya maji ina mwinuko mpole, kwamba kituo cha kwanza cha kutazamia kiko mwendo wa saa moja, na kwamba ikifika saa sita mchana mawingu hushuka na huoni hata kiatu chako. Niliandika yote ukurasa mmoja. Mwenyekiti aliupokea, akauweka kwenye jalada la plastiki, na juu yake akaandika kwa ile bluu ya kwanza: Mpango wa Mwenyekiti. Kisha akafuta "kuondoka alfajiri" akaandika "kuondoka saa nne, baada ya chai na kupiga picha". Hayo ndiyo yalikuwa mageuzi yake.

Siku ya kikao hicho cha kutuacha, Mzee, yaani baba mkwe, hakuwepo. Alikuwa kliniki ya macho, na foleni ya kliniki haina ajenda. Tukakaa bila yeye.

"Gari la kukodi la mlimani lina viti saba," alisema Mwenyekiti. "Mimi, mume wangu, wanangu wawili, Bampa, Baba Sindano, na Mkurugenzi wangu wa kazini."

Bampa ni mdogo wao wa mwisho, fundi wa bodi za magari, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupigwa breki. "Mkurugenzi tangu lini ni ukoo?"

"Ni mgeni rasmi."

"Kwani mlima unazinduliwa?"

"Bampa, kaa na adabu. Huyo mtu mwaka huu ndiye anayeamua nani anapanda cheo."

"Aa. Basi anayepanda ni wewe, sisi tunasindikiza. Na Baba je?"

Mwenyekiti alipiga jalada kidogo kwa kalamu, kama anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa. "Baba tumemtafutia hotelini chumba cha chini karibu na choo. Habari za mlima asiambiwe mpaka siku yenyewe. Akijua ataomba kwenda, na yale magoti yake yatatuchelewesha sote mbele ya mgeni. Tutamwachia redio."

Bampa alicheka. Niliandika kwamba Bampa alicheka.

"Na shemeji yangu hapa?" akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Wifi atabaki hotelini na mtoto. Lazima awepo mtu wa kulinda mizigo. Tena tuambizane ukweli, mlima unataka watu wa kuuelewa. Mtu aliyezoea kuinamia cherehani ataona nini kule? Mawe. Na kale katoto kana mafua tangu kazaliwe."

Aliyasema hayo akiwa na ukurasa wangu mapajani. Niliandika "mawe", nikaweka nukta. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakagua kucha zake moja moja, kwa makini, kana kwamba ndizo zilizokuwa zimewasilisha hoja. Nilingoja kidogo, nikimpa nafasi. Kisha nikaandika: "Baba Sindano alinyamaza."

"Umeandika yote?" aliuliza Mwenyekiti.

"Yote."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno, wifi."

"Safi. Angalau hiyo shule imekusaidia kitu."

Ndivyo walivyo watu waliozoea kusikilizwa. Alifurahi kuandikwa, asifikirie ni nani atakayesomewa.

Mume wangu alilifikiria, lakini baada ya siku tano, na alilifikiria jikoni, mahali ambapo ushujaa wake huwa haumpi tabu.

"Mama Sindano," alisema, akishika sufuria ambayo haikuhitaji kushikwa, "yale ya kikao. Utayalainisha, si ndiyo?"

"Nilainishe nini?"

"Ya Baba. Ya magoti. Unajua kuandika kwa busara, wewe."

Hilo ni kweli. Miaka minane nimeandika kwa busara. Mtu akitukana, naandika "alitoa angalizo". Wakigombana mpaka kikombe kivunjike, naandika "mjadala ulikuwa wa kina". Nimewaosha watu hawa kwenye karatasi mpaka wenyewe wakaamini ndivyo walivyo, wasafi na wenye hekima.

"Dada yako amesema asifupishwe."

"Dada ana maneno tu. Moyo wake mzuri."

"Na wewe? Mbona hukusema kitu?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Chochote. Hata ungesema paa linavuja."

Aliirudisha sufuria mahali pake taratibu. Nilimwonea huruma kidogo, huruma ile ya kumwonea mtu aliyevaa shati kinyume. Nampenda. Lakini mtoto wake alikuwa analala na sweta begini, na yeye alikuwa anaomba lugha laini.

Siku ya kikao cha pili nilimchukua Sindano, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Sikutaka asikie mambo hayo kwa mara ya kwanza kwenye ile sebule, chini ya macho ya shangazi yake. Nikamwambia njiani, tukiwa tumeshikana mikono, kwamba wakubwa waliamua sisi wawili tubaki hotelini tulinde mizigo.

Akatembea hatua kadhaa.

"Mizigo ina miguu?"

"Haina."

"Sasa inalindwa ya nini?"

Hakulia. Aliuachia mkono wangu tu, akatembea pembeni yangu, na huo mkono uliobaki mtupu ndio ulioniamulia jinsi ya kusoma.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, jicho moja limefunikwa pamba. Daktari alikuwa amemkataza kusoma, kusikiliza hakukatazwa. Mwenyekiti alikuwa amevaa fulana mpya yenye picha ya mlima, na ameleta nyingine sita, zimekunjwa kwenye mfuko. Wanawe walikuwa kwenye simu zao. Mume wake alikuwa pale alipo siku zote, karibu na mlango.

"Kikao kifunguliwe," alisema Mzee. "Katibu, soma."

Nikasoma. Mahudhurio, udhuru wa Mzee, gari la viti saba. Nikasoma majina. Nilipofika kwa Mkurugenzi, Mzee aliinua kichwa. Nikasoma swali la Bampa, "Na Baba je?"

"Katibu," Mwenyekiti akadakia, "hapo ruka. Ni mambo ya vyumba, tulishamaliza."

"Kumbukumbu hazirukwi," alisema Mzee.

"Basi afupishe, Baba, muda unakwenda."

"Si ulisema wewe hufupishwi?" Bampa alikuwa ameshaanza kuona aibu, lakini mdomo ulimtangulia.

Nikaendelea. Sikupandisha sauti, sikuweka chumvi. Nilisoma kama ninavyosoma darasani, kila neno likipewa haki yake. Chumba cha chini karibu na choo. Asiambiwe mpaka siku yenyewe. Yale magoti yake yatatuchelewesha sote mbele ya mgeni. Tutamwachia redio. Bampa alicheka.

Wale vijana waliweka simu chini. Nikasoma na yangu: mlima unataka watu wa kuuelewa, cherehani, mawe, mafua. Mwisho nikasoma, "Baba Sindano alinyamaza," nikafunga daftari.

Mikono ya Mzee ilikuwa juu ya yale magoti, kama mtu anayewaziba masikio watoto wake.

"Kuna marekebisho?" aliuliza.

"Baba, mimi sikumaanisha hivyo."

"Sijauliza ulichomaanisha. Kwenye kazi yangu nilisikia maana nyingi sana. Nimeuliza kama ulisema."

Mwenyekiti alinigeukia. Kama macho yangekuwa klipu za karatasi, ningekuwa nimebanwa ukutani. "Huyu ameandika kwa nia mbaya!"

"Ameandika kwa kalamu," alisema Mzee. "Ulisema, hukusema?"

"Nilikuwa nakuonea huruma, Baba. Afya yako."

"Ndiyo. Huruma yenye redio."

"Mimi nilicheka," alisema Bampa, akitazama viatu vyake. "Nathibitisha. Nisamehe, Baba."

"Imethibitishwa. Na hili la mwisho?" Mzee alimgeuzia mume wangu jicho lake moja. "Imeandikwa ulinyamaza wakati mkeo na mwanao wanapewa kazi ya mizigo. Ni sahihi?"

Angemgombeza ingekuwa nafuu. Mume wangu alitafuta kucha zake, akaziacha.

"Ni sahihi, Baba."

"Basi imethibitishwa. Mengineyo."

Katibu hapigi kura, lakini kwenye mengineyo hata paka anaruhusiwa kulia. Nikanyoosha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane, na Mwenyekiti akatazama nyuma yangu kuona ni nani huyo.

"Mimi na mtoto hatulindi mizigo," nilisema. "Hoteli ina chumba chenye kufuli, nilipiga simu nikauliza. Tutapanda mlima kwa basi la abiria la alfajiri, linaloanzia stesheni na kuishia getini. Gari lenu libaki na viti vyake."

"Basi la abiria!" Mwenyekiti alicheka kwa pua. "Mbanane na vikapu vya watu. Na mpango unao? Mpango ninao mimi."

"Kaa nao, wifi. Mimi niliyeutunga ninao kichwani. Ila ile saa nne uliyoiweka, mtakapofika juu mtakuta mawingu. Mkurugenzi atapiga picha na ukungu."

Bampa akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mwenyekiti akazikunja upya zile fulana, ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona bila jalada mbele yake. Hakuwa wa kutisha. Alikuwa mwanamke aliyevaa mlima asioujua.

Mzee alikuwa ananisikiliza kwa namna nyingine sasa, kichwa kimeinama upande wa jicho zima.

"Mwanangu. Hilo basi ngazi zake ni ndefu?"

"Ngazi mbili, Baba, na pana chuma cha kushikilia. Getini mpaka kituo cha kwanza kuna mabenchi manne. Njia ya upande wa matangi haina mwinuko mkali. Wazee wanaitumia, ni mwendo wa saa moja; kwa mwenye magoti yanayouma, labda saa mbili."

"Umeyauliza lini yote hayo? Leo?"

"Hapana. Siku ile ya kwanza nilipokuwa napanga." Nikafungua daftari upya. "Nilidhani tunakwenda wote."

Hata yule mume wa Mwenyekiti aliondoka mlangoni, akaja kukaa.

"Niandike," alisema Mzee. "Basi la alfajiri. Mtu mmoja, magoti mawili."

Nikaandika. Nilipoinua kichwa mume wangu alikuwa amesimama. Hakuna aliyekuwa amemwambia asimame.

"Na mimi," alisema.

"Kikao hakijasikia," nikamwambia.

"Niandike na mimi. Kwenye basi." Akalionyesha daftari kwa kidole. "Na andika kwamba nimesema."

Nilimwandika. Sitadanganya, nilimwandika kwa herufi ndogo, na sikumtabasamia. Lakini nilimwandika kwa wino.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kushindwa kwenye sebule ya baba yake. Alilainisha uso kama anavyolainisha karatasi iliyokunjamana, akaichagua fulana ndogo kuliko zote, akaikunjua. Akainama mpaka usawa wa Sindano, ambaye muda wote huo alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea mguu wa kiti cha Mzee.

"Maskini mtoto wangu, hao watakutesa kwenye basi. Njoo na shangazi kwenye gari zuri, lina vioo vyeusi na hewa baridi. Nitamwambia Mkurugenzi asogee. Utakaa dirishani, na fulana hii ni yako. Eti?"

Sote tukamtazama. Mimi nilijizuia nisimfanyie ishara yoyote, na kujizuia huko kulinichosha kuliko kusoma kumbukumbu zote. Kiti cha dirishani ni kiti cha dirishani. Ana miaka sita.

Sindano aliitazama fulana, mlima wake wa rangi mbili. Akamtazama Mzee, jicho lake la pamba. Akapangusa pua kwa mkono.

"Mimi nitakaa na babu," alisema.